Swali la Hisabati Husomwa Kwenda Mbele na Kufumbuliwa kwa Kurudi Nyuma

Wanafunzi wengi wanaoshindwa maswali ya hisabati yaliyoandikwa kwa maneno hawashindwi kukokotoa. Mpe mwanafunzi 480 × 1.25 naye atakuletea 600 bila wasiwasi. Mwambie kwamba idadi fulani imeongezeka kwa asilimia 25 ikafikia 600, kisha umuulize ilikuwa ngapi hapo awali, naye atakujibu 450 akiwa na uhakika kamili. Hesabu ni ile ile, ila safari hii ametakiwa kuifanya kutoka mwisho kuelekea mwanzo, na hakuna aliyemwonyesha kwamba njia ya kurudi ina taratibu zake. Mwongozo huu unahusu njia hiyo ya kurudi, katika asilimia, milinganyo, fanksheni na michanganyiko (yaani kuhesabu njia za kuchagua na kupanga vitu), kwa sababu mada hizi nne, ambazo vitabuni hupewa sura mbalimbali, zinakutana hapo.

Kabla ya kushika kalamu

Soma swali mara mbili, na mara ya pili lisome kwa ajili ya vitenzi na viunganishi tu. Kiswahili ni lugha inayoweza kubadilisha tendo zima la hesabu kwa silabi moja. Tukisema kwamba namba moja inazidi nyingine kwa 5, tunazungumzia kujumlisha. Tukisema kwamba namba hiyo imezidishwa kwa 5, tunazungumzia tendo jingine kabisa. Vivyo hivyo, kupungua kwa 8 si kupungua hadi 8, na kiwango kilichoongezeka kwa asilimia 30 si kiwango kilichoongezeka hadi asilimia 30. Anayesema “toa 5 katika 12” ametaja 5 kwanza, lakini hesabu inayotakiwa ni 12 − 5. Neno dogo “ya” katika “asilimia 15 ya 240” au “theluthi mbili ya namba” ni agizo la kuzidisha.

Neno “kisha” nalo lina uzito. “Namba ikizidishwa kwa 3 kisha ikajumlishwa na 7” ni 3x + 7, lakini “namba ikijumlishwa na 7 kisha ikazidishwa kwa 3” ni 3(x + 7). Mabano ya sentensi ya pili hayakutajwa popote katika maneno. Yameletwa na mpangilio wa vitenzi, na ni juu yako kuyaona.

Hapa ndipo MAGAZIJUTO inapohitajika, pamoja na onyo lake. Neno hilo linatukumbusha Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, na limewasaidia wengi. Hata hivyo limewapoteza wengine waliolisoma kama ngazi ya vidato vitano. Kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja, na kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Vikikutana, unatoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo 12 − 5 + 3 ni 10. Aliyeharakisha kujumlisha 5 na 3 kwa sababu JU imetangulia TO atapata 4, na atakuwa amekosa huku akiitii kanuni aliyokaririshwa.

Asilimia: uliza “ya nini?”

Asilimia haisimami peke yake. Ni sehemu ya kitu fulani kizima, na kazi ya kwanza ni kukitambua kitu hicho. Ukishakitambua, maswali yote ya msingi yanakuwa mlinganyo mmoja: sehemu ni sawa na asilimia ikigawanywa kwa 100, mara kitu kizima. Ukijua kizima ni 240 na asilimia ni 15, sehemu ni 36. Ukijua sehemu ni 36 na kizima ni 240, unagawanya 36 kwa 240 na kupata 0.15, yaani asilimia 15. Ukijua kwamba 36 ni asilimia 15 ya namba fulani, unagawanya 36 kwa 0.15 na kurudi kwenye 240. Hakuna haja ya kukariri kanuni tatu.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu aliyejibu 450. Alichukua asilimia 25 ya 600, akapata 150, akaitoa. Kosa lake ni kwamba ile asilimia 25 ilikuwa ya idadi ya awali, wala haikuwa ya 600. Idadi ya awali, tuiite x, iliongezeka ikawa 1.25x, na 1.25x ni 600; kwa hiyo x ni 600 ÷ 1.25, yaani 480. Jaribu majibu yote mawili kwa kuyarudisha kwenye swali: robo ya 480 ni 120, na 480 na 120 ni 600, sawasawa; lakini robo ya 450 ni 112.5, na jumla yake ni 562.5, ambayo haimo katika swali. Jaribio hilo linachukua nusu dakika, na ndilo linalotenganisha jibu na makisio.

Kutokana na hayo, jizoeze kuona ongezeko au punguzo la asilimia kama kuzidisha kwa namba moja. Kuongeza asilimia 20 ni kuzidisha kwa 1.2, kupunguza asilimia 20 ni kuzidisha kwa 0.8, na ukifanya yote mawili kwa mfuatano unapata 1.2 × 0.8, yaani 0.96. Kitu kilichopanda kwa asilimia 20 kisha kikashuka kwa asilimia 20 hakirudi kilipokuwa. Kimepungua kwa asilimia 4. Pia kiwango kikitoka asilimia 40 hadi asilimia 50, kimepanda kwa pointi 10 za asilimia, lakini ongezeko lenyewe ni asilimia 25 ya kiwango cha awali, kwa kuwa 10 ni robo ya 40. Swali likitumia neno moja badala ya jingine, jibu linabadilika.

Lipo swali moja ambalo napenda kulitumia kupima kama mtu ameielewa asilimia au ameizoea tu. Tope la kilo 100 lina maji asilimia 99. Limeanikwa juani hadi maji yamekuwa asilimia 98. Sasa lina uzito gani? Karibu kila anayeulizwa hujibu kilo 99, au kitu cha kukaribiana nacho. Lakini tazama kile ambacho hakijabadilika, nacho ni udongo mkavu. Mwanzoni ulikuwa asilimia 1 ya kilo 100, yaani kilo 1. Mwishoni udongo huo huo, ambao haukuguswa na jua, umekuwa asilimia 2 ya uzito mpya. Kama kilo 1 ni asilimia 2, uzito wote ni 1 ÷ 0.02, yaani kilo 50. Nusu ya tope imekwenda na mvuke, ingawa asilimia imeshuka kwa pointi moja tu. Kila swali la vitu vilivyochanganywa, liwe la chumvi katika maji au la madini katika mkufu, hufumbuliwa kwa swali hili hili: ni kitu gani hapa ambacho hakijabadilika?

Milinganyo: kuvua kwa mpangilio wa kinyume

Neno mlinganyo limetokana na kulingana, na alama yake inasema hivyo hivyo. Robert Recorde wa Wales, aliyeitumia kwa mara ya kwanza katika kitabu cha mwaka 1557, alichagua mistari miwili sambamba kwa maelezo kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hapo. Ukilikumbuka hilo hutahitaji ule msemo wa “kuhamisha namba na kubadilisha alama”, ambao unaficha kinachotendeka. Hakuna kinachohama. Unatenda jambo moja pande zote mbili ili ulingano ubaki.

Chukua 3x + 7 = 31. Namba x ilivishwa nguo mbili: kwanza ilizidishwa kwa 3, halafu ikajumlishwa na 7. Anayevua huanza na vazi la nje. Tunatoa 7 pande zote, tunapata 3x = 24; tunagawanya kwa 3 pande zote, tunapata x = 8. Kwa maneno mengine, MAGAZIJUTO hutumika kukokotoa, na kufumbua mlinganyo ni kuisoma MAGAZIJUTO kinyumenyume, kila tendo likibadilishwa kwa tendo linalolitangua.

Maswali ya umri yanafundisha vizuri kazi ya mabano. Tuseme kwamba umri wa mzazi ni mara nne ya umri wa mtoto wake, na baada ya miaka 20 utakuwa mara mbili ya umri wa mtoto. Mtoto akiwa na miaka x, mzazi ana 4x. Baada ya miaka 20 mzazi atakuwa na 4x + 20 na mtoto atakuwa na x + 20, kwa hiyo 4x + 20 = 2(x + 20). Ukifungua mabano unapata 4x + 20 = 2x + 40, kisha 2x = 20, na x = 10. Mtoto ana miaka 10 na mzazi 40. Baada ya miaka 20 watakuwa na 30 na 60. Aliyesahau mabano ataandika 4x + 20 = 2x + 20 na kupata x = 0, yaani mtoto amezaliwa leo, na mzazi wake pia. Jibu la aina hiyo ni rafiki mwema, maana linajitangaza kwamba limekosewa. Makosa ya hatari ni yale yanayoleta namba yenye sura ya kuaminika.

Milinganyo yenye kipeo cha pili ina majibu mawili kwa kawaida, na swali huamua lipi libaki. Mstatili ambao urefu wake unazidi upana kwa mita 3 na eneo lake ni mita za mraba 40 unatupa x(x + 3) = 40, yaani x² + 3x − 40 = 0. Tunatafuta namba mbili ambazo zao lake ni −40 na jumla yake ni 3. Ni 8 na −5. Hivyo (x + 8)(x − 5) = 0, na x ni 5 au −8. Upana hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo mstatili ni mita 5 kwa 8. Usiikate −8 kwa sababu tu ni hasi; ikate kwa sababu swali ni la upana. Kama swali lingekuwa la namba tu, −8 ingebaki, nayo ingekuwa na haki sawa na 5.

Yapo matendo mawili yanayoharibu ulingano kimyakimya. La kwanza ni kugawanya kwa kitu ambacho huenda ni sifuri. Katika x² = 5x, anayegawanya kwa x anapata 5 na kulipoteza jibu la pili, 0; afadhali aandike x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0. La pili ni kuzidisha kila upande kwa upande wenyewe ili kuondoa kipeuo. Mlinganyo √(x + 6) = x unakuwa x + 6 = x², na majibu yanayojitokeza ni 3 na −2. Rudisha −2 mwanzoni: √4 ni 2, wala si −2. Jibu hilo liliingia lenyewe njiani. Tendo la kwanza linapoteza jibu la kweli, la pili linaalika la uongo, na kwa hilo la pili kurudisha majibu katika mlinganyo wa mwanzo si pambo bali ni sehemu ya ufumbuzi.

Milinganyo miwili yenye namba mbili zisizojulikana haihitaji maneno mengi hapa. Jumla ikiwa 50 na tofauti ikiwa 14, jumlisha milinganyo yote miwili, namba ndogo inafutika, na unabaki na 64, ambayo ni mara mbili ya namba kubwa. Namba ni 32 na 18.

Fanksheni: mashine yenye mlango mmoja wa kutokea

Fanksheni ni kanuni inayopokea namba na kutoa namba moja tu kwa kila iliyopokelewa. Maandishi f(x) huwatisha wengi kwa sababu yanafanana na kuzidisha f kwa x, lakini hayahusiani na kuzidisha. Mabano yale ni mlango wa kuingilia. Chochote kilichomo ndani ya mabano kinachukua nafasi ya x popote x ilipo, kikiwa kizima na kikiwa ndani ya mabano yake.

Tuseme f(x) = 2x² − 3x + 1. Kutafuta f(−2), andika 2(−2)² − 3(−2) + 1, ndipo ukokotoe: 8 + 6 + 1, yaani 15. Anayeruka hatua ya mabano hupata −8 mahali pa 8, au −6 mahali pa 6. Kwa f(x + 1) andika 2(x + 1)² − 3(x + 1) + 1, ambayo ikifunguliwa ni 2x² + 4x + 2 − 3x − 3 + 1, yaani 2x² + x. Wengi hudhani kwamba f(x + 1) ni f(x) + 1. Jaribu x = 1: f(2) ni 3, na f(1) + 1 ni 1. Namba moja ndogo inatosha kuibomoa dhana iliyokosewa, nami humshauri kila mwanafunzi kuwa na mazoea ya kujaribu namba moja kila anapokuwa na shaka na aljebra yake.

Fanksheni mbili zikifuatana, mpangilio unahesabika kama ulivyohesabika katika neno “kisha”. Ikiwa g(x) = x + 3 na h(x) = 2x, basi g(h(5)) ni 13 na h(g(5)) ni 16. Iliyo karibu na namba ndiyo inayotangulia kufanya kazi, ingawa macho yetu yanaanza kusoma ile ya nje.

Fanksheni kinyume ndiyo ile njia ya kurudi tuliyoanza nayo. Ikiwa y = (3x − 4)/5, basi x ilizidishwa kwa 3, ikatolewa 4, ikagawanywa kwa 5. Kurudi, zidisha y kwa 5, jumlisha 4, gawanya kwa 3: x = (5y + 4)/3. Kwa jicho hili swali la 600 linaeleweka upya. Kuongeza asilimia 25 ni fanksheni 1.25x, na kinyume chake ni kugawanya kwa 1.25, jambo ambalo ni sawa na kupunguza asilimia 20. Kupunguza asilimia 25 hakulitangui ongezeko hilo.

Ukiulizwa ni namba zipi zinazoruhusiwa kuingia, tafuta mambo mawili tu kwa kiwango cha shule: kugawanya kwa sifuri na kipeuo cha pili cha namba hasi. Kwa √(x − 2) ikigawanywa kwa (x − 5), x isipungue 2, na isiwe 5.

Michanganyiko: umekihesabu mara ngapi?

Watu 8 wanataka kuchagua mwenyekiti, katibu na mhazini. Mwenyekiti ana nafasi 8, katibu 7 zilizobaki, mhazini 6, na kwa kuwa kila uchaguzi unafuatwa na mwingine tunazidisha: 336. Watu hao hao wakitaka kuchagua kamati ya watu 3 wasio na vyeo, jibu ni jingine. Watu A, B na C wamo ndani ya ile 336 mara sita, kama ABC, ACB, BAC, BCA, CAB na CBA, lakini kamati yao ni moja. Kila kamati imehesabiwa mara sita, kwa hiyo tunagawanya: 336 ÷ 6, yaani 56. Kugawanya huko ni kutangua kule kupanga. Anayekiona hivyo hana haja ya kuiogopa fomyula ya kitabuni yenye faktoriali, ambapo 3! ni 3 × 2 × 1, kwa sababu fomyula haisemi zaidi ya hayo.

Mbinu hiyo inajibu pia maswali ya herufi. Neno HISABATI lina herufi 8, na herufi 8 tofauti zingepangwa kwa njia 8!, yaani 40,320. Lakini lina A mbili na I mbili. Kubadilishana nafasi kwa A mbili hakuonekani, wala kwa I mbili, kwa hiyo kila mpangilio umehesabiwa mara 2 × 2. Jibu ni 10,080.

Mtego mkubwa wa mada hii ni maneno “angalau mmoja”. Kati ya wasichana 6 na wavulana 5, kamati za watu 4 zenye angalau mvulana mmoja ni ngapi? Wazo linalokuja haraka ni kuchagua mvulana kwanza kwa njia 5, kisha kuchagua watu 3 kati ya 10 waliobaki kwa njia 120, na kupata 600. Sasa hesabu kamati zote bila sharti lolote: watu 4 kati ya 11 ni 11 × 10 × 9 × 8 ÷ 24, yaani 330. Sehemu haiwezi kuzidi kitu kizima, kwa hiyo 600 haiwezekani. Kilichotokea ni kwamba kamati yenye wavulana wawili imehesabiwa mara mbili, mara moja kila mmoja wao alipokuwa “mvulana wa kwanza”, na yenye watatu mara tatu. Njia salama ni kuhesabu zile zisizotakiwa: kamati za wasichana watupu ni 15, na 330 − 15 ni 315.

Swali linalozikusanya zote nne

Katika kikundi fulani kila mtu alimpa kila mwenzake mkono mara moja. Idadi ya watu ilipoongezeka kwa asilimia 20, wote wakasalimiana upya kwa namna hiyo hiyo, na salamu zikawa 66. Salamu za awali zilikuwa ngapi?

Watu n hutoa salamu n(n − 1)/2, kwa sababu kila mmoja humpa mkono kila mmoja wa wenzake n − 1, na kila salamu imehesabiwa mara mbili. Hiyo ni fanksheni, tuiite s(n). Tukirudi nyuma kutoka mwisho, n(n − 1)/2 = 66 inatupa n² − n − 132 = 0, yaani (n − 12)(n + 11) = 0, na watu ni 12, maana −11 si idadi ya watu. Kabla ya kuongezeka walikuwa 12 ÷ 1.2, yaani 10, na s(10) ni 45.

Aliyegawanya 66 kwa 1.2 moja kwa moja amepata 55, na hapa inabidi kuwa macho, kwa kuwa 55 ni namba nzima na tena ni salamu halali za watu 11. Inaonekana jibu zuri hadi uirudishe kwenye swali: watu 11 wakiongezeka kwa asilimia 20 wanakuwa 13.2.